Kofia Ile Ilishonwa na Nani?

Katika msikiti wa Ijumaa wa kale wa Bahla, safari fupi ya gari kutoka Nizwa, ipo mihrabu ya jasi iliyochongwa mwaka 917 Hijria, sawa na 1511. Nakshi imejaa kuanzia chini hadi juu, na maandishi yamezunguka pembeni. Ndani ya nakshi hiyo fundi ameandika jina lake: Abdallah bin Qasim bin Muhammad al-Humaimi. Hakulificha, wala hakungoja mtu mwingine amwandikie. Kwa zaidi ya miaka mia tano, kila aliyeelekea kibla pale amesimama mbele ya kazi ya mtu mwenye jina.

Nimeanza na fundi huyu kwa sababu hivi karibuni tulikwenda Nizwa, mimi na wenzangu, kutazama maonyesho ya kazi za mikono, na tangu nirudi Muscat kuna jambo linanikereketa. Vitu tulivyovitazama vilikuwa na umri, vilikuwa na mahali vilikotoka, vilikuwa na aina ya mali vilivyotengenezewa. Ukiacha picha chache, hakuna hata kimoja kilichokuwa na mtu. Naamini hili ni kosa kubwa, na naamini linarekebishika kwa gharama ndogo, ilimradi tulishughulikie sasa, wakati baadhi ya watu wenye majibu wangali hai.

Tulitoka Muscat baada ya sala ya Alfajiri, siku ya Ijumaa, wanawake watatu wa rika moja pamoja na mama wa mmoja wetu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Chupa ya chai ya maziwa ilikuwa miguuni mwangu, sahani ya vitumbua mapajani mwa mwenzangu. Njia inapita bonde la Sumail, milima imebana kulia na kushoto, kisha Izki, kisha Birkat al-Mauz na mitende yake inayonyweshwa na falaj ya al-Khatmeen. Ndani ya gari ni Kiswahili mwanzo mwisho. Bi Mkubwa kazaliwa Unguja, akaja Oman na watoto wadogo katika miaka ya sabini, pale Sultan Qaboos alipowafungulia mlango wenye asili ya huku warejee. Sisi watatu tumezaliwa huku huku, lakini lugha yetu imetoka jikoni kwake na kwa wenziwe. Ijumaa tuliichagua kwa ajili yake, maana alitaka auone mnada wa mbuzi: wauzaji wanazunguka na wanyama wao ndani ya duara, wanunuzi wamekaa kando, bei zinapigiwa kelele juu ya vichwa vya watu. Aliuona, akaridhika, akasema mbuzi wa Nizwa ni ghali. Tukaenda kwenye shughuli yetu.

Maonyesho yenyewe yalikuwa katika nyumba ya udongo ndani ya Harat al-Aqr, mtaa wa kale ulio ubavuni mwa ngome. Mtaa huu ulikuwa umehamwa kwa sehemu kubwa. Watu walikwenda kwenye nyumba za saruji, wakaziacha hizi zibomoke. Katika miaka ya karibuni wenyeji wenyewe wamezifufua kadhaa zikawa mikahawa na nyumba za wageni, na leo ukipita pale jioni utakuta vijana wamejaa mabarazani. Walioandaa maonyesho sitawataja, kwa sababu walichokosea wao hukosewa karibu kila mahali duniani, na kwa sababu mengi waliyafanya kwa mapenzi ya wazi. Vyumba vilikuwa vimepakwa upya udongo, mikeka imetandikwa, mwanga unaingia kwa vidirisha vidogo na kuangukia vitu bila kuviunguza. Kulikuwa na majambia, mapambo ya fedha ya wanawake, kasha la njumu la kutoka Zanzibar lenye misumari ya shaba nyeupe kwa nyekundu, mitungi ya Bahla, nguo, na picha za zamani ukutani. Kila kitu na kibao chake: hiki ni nini, kimetengenezwa kwa nini, kimetoka wapi, karne gani.

Mbele ya mapambo ya fedha tulisimama muda mrefu. Fedha ya Nizwa ina sifa kote Oman, na sifa hiyo ni ya haki. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilifika ikiwa sarafu: ile reale ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28 na ushei, iliyoendelea kupigwa miaka na miaka baada ya malkia huyo kufariki, daima ikiwa na mwaka ule ule wa 1780. Ilikuja kwa biashara ya tende, kahawa, karafuu na pembe, ikapita mikono ya wafanyabiashara wa bahari yote hii, na hapa bara la Oman ilitumika sokoni hadi mwaka 1970. Sonara alizipokea reale kutoka kwa mteja wake, akaziyeyusha, akamfulia mkufu, kikuku, furungu, kisanduku cha hirizi cha kuvaa kifuani. Pengine aliziacha nzima nzima na kuzitungika kwenye mkufu, na ndiyo maana katika kabati moja tuliona uso wa malkia wa Vienna ukining'inia mara nyingi katika shingo ya bibi harusi wa Nizwa.

Sasa mtazame huyo malkia. Jina lake limo, mwaka wake umo, sura yake imo. Aliyeivunja sarafu ile na kuigeuza kuwa kitu cha kupendeza, hamna. Na si kwamba hakujulikana. Katika mji wa ukubwa wa Nizwa kila mtu alimjua sonara wake, alijua babake ni nani, alijua kazi yake inatofautianaje na ya jirani. Mwanamke aliyevaa furungu alijua kabisa nani kamfulia. Walikuwepo hata wanawake waliofua fedha kwa mikono yao, katika nchi hii hii, na watu wao waliwajua. Jina lilipotea baadaye, na lilipoteaje tunaweza kulieleza hatua kwa hatua.

Kwanza ni desturi. Fedha ya mwanamke ilikuwa mali yake mwenyewe, benki yake, na alipofariki mara nyingi ilirudi kwa sonara ikayeyushwa, maana bibi harusi mpya alitaka vitu vipya. Kazi ya sonara mmoja ikawa malighafi ya mwanawe. Kisha ikaja miaka ya sabini na baadaye, mafuta yakaleta pesa, dhahabu ya Ghuba na ya India ikaingia, fedha ikaonekana ya kizee. Wanawake wakaitoa kwenye makasha wakaiuza kwa uzito katika masoko ya Nizwa na Mutrah. Dalali alipima, akalipa, hakuuliza. Muuzaji naye pengine aliona haya kuuza, hakutaka kusema ametoka nyumba gani. Mgeni akanunua kwa dalali, mkusanyaji akanunua kwa mgeni, na kila mkono ulipoondoka uliondoka na kitu kidogo cha kile kilichojulikana. Mwisho kikafika kabatini kikiwa kimebakiwa na neno "Nizwa" na namba ya karne.

Majambia nayo yana hadithi yao. Mwaka 2022 UNESCO iliandikisha ufundi na desturi za jambia la Oman katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, jambo la kufurahia. Aina inayoheshimiwa kuliko zote ni ile ya Saidia, inayovaliwa na ukoo wa kifalme, na inasimuliwa kwamba umbo la mpini wake lilibuniwa na mmoja wa wake za Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Zanzibar na kufariki baharini mwaka 1856. Kama simulizi hiyo ni kweli, basi mwanamke alibuni kitu ambacho leo kimo katika bendera ya taifa na noti zake, na jina lililodumu ni la ukoo wa mumewe.

Lakini kilichonigusa kuliko fedha na majambia kilikuwa kitu chepesi kabisa, kofia nyeupe ya viua, imewekwa peke yake ndani ya kioo. Msomaji wa Unguja na Lamu anaijua kofia hii. Huku Oman huitwa kumma, na mwanamume wa Kiomani hatoki nyumbani bila yake au kilemba juu yake. Ilikuja na watu wetu kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na leo ni vazi la kila siku la nchi nzima. Hushonwa kwa mkono: kitambaa cheupe, nakshi inachorwa, kisha tundu moja moja linatobolewa na kuzungushiwa uzi, mamia na mamia, mpaka macho yanauma. Kofia nzuri yaweza kuchukua mwezi na zaidi. Walioshona ni wanawake, majumbani, kati ya kupika na kunyonyesha. Walimshonea mume, walimshonea mwana, na wengi walishona za kuuza na kusomeshea watoto.

Bi Mkubwa alizishona kwa miaka mingi. Aliinama mbele ya kile kioo, akavaa miwani, akamwomba kijana msimamizi asogeze taa kidogo. Akatazama kimya. Kisha akasema, "Huyu alikuwa wa shoto."

Tukamuuliza amejuaje.

"Tazameni uzi unavyozunguka tundu. Sote sisi twaenda huku. Yeye kenda kule." Akaonesha kwa kidole juu ya kioo. "Na hapa, mnaona? Hapa tundu zimeachana, alikuwa na haraka. Halafu hapa zimebanana sawasawa, mkono umetulia. Labda mtoto alilala."

Binti yake akacheka, akamwambia, "Mama, wewe nawe!" Lakini mimi sikucheka, maana dakika ile mwanamke yule alikuwa ameingia chumbani. Nilimwona kakaa sakafuni na sindano katika mkono wake wa kushoto. Kibao kilikuwa kimetueleza kwamba kofia ni ya pamba na ni ya karne ya 20. Bi Mkubwa, kwa kutazama tu, ametueleza kwamba aliyeishona alikuwa mtu.

Yule kijana alikuwa na adabu njema. Alimwita Bi Mkubwa khala, yaani mama mdogo, akamsikiliza alipoyarudia yale yale kwa Kiarabu chake cha Unguja, akaenda kuuliza ndani. Akarudi na jibu tulilolitarajia: mwenye kofia aliinunua pamoja na nyingine kadhaa kwa dalali wa Mutrah, na dalali alizipata katika nyumba iliyokuwa ikihamwa. Basi, hapo uzi umekatika. Niliangalia ile nyumba ya udongo, ile taa, kile kioo kilichosafishwa vizuri, nikahesabu moyoni ni wazee wangapi wa Ibra, Nizwa, Sur na Muscat wanaoweza kusoma kofia kama asomavyo Bi Mkubwa. Wangalipo. Hawatakuwepo muda mrefu.

Kuna watakaoniambia kwamba kuficha jina ni unyenyekevu, kwamba fundi Mwislamu alifanya kazi yake kwa ajili ya Mungu, na kutaka jina liandikwe ni kujikweza. Naliheshimu wazo hili, na nimelisikia kwa watu ninaowapenda. Lakini al-Humaimi alichonga jina lake ndani ya mihrabu yenyewe, na sidhani kuna mahali penye heshima zaidi. Wanakili wa misahafu, kuanzia hapa Nizwa mpaka Siyu kule kisiwani Pate, walikuwa na mazoea ya kuandika ukurasa wa mwisho: mimi mja mhitaji wa rehema, fulani bin fulani, nimeimaliza kazi hii siku fulani. Walijinyenyekeza na wakajitaja, katika sentensi moja. Aliyesoma alijua amwombee nani dua. Ukilifuta jina umemnyima fundi dua hiyo, na sioni unyenyekevu hapo.

Wengine watasema kazi hizi ni za mikono mingi, karakana nzima, hivyo hakuna jina moja la kuandika. Ni kweli kwa milango na makasha. Basi iandikwe karakana, uandikwe ukoo, uandikwe mtaa, iandikwe kwamba mmoja alichonga fremu na mwingine akapigilia njumu. Kusema "hatujui ni nani" pia ni maelezo, na ni bora kuliko ukimya, kwa sababu ukimya humfanya mtazamaji adhani hakukuwa na wa kujulikana.

Ukweli ni kwamba tumezoea kuandika jina la aliyeamrisha na kumsahau aliyefanya. Tulipotoka kwenye maonyesho tulipanda ngome ya Nizwa. Kila kitabu cha wageni kitakwambia kwamba mnara ule mnene ulijengwa na Imam Sultan bin Saif al-Yaarubi katikati ya karne ya 17, na kwamba kazi ilichukua miaka 12. Imam hakubeba jiwe. Kule kwetu Kizimkazi, maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, yanamtaja aliyeamuru msikiti ujengwe. Aliyeyachonga yale maandishi, kwa mkono ambao mpaka leo watu hutoka mbali kuja kuutazama, alichonga jina la mwingine. Sisemi wakubwa wafutwe. Nasema kibao kina nafasi ya watu wawili.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo katika makala za urithi hupitwa kwa haraka. Miongoni mwa waliojenga, waliosuka, waliochimba na waliochonga, Oman na Zanzibar, walikuwamo watu waliomilikiwa na watu wengine. Utumwa ulikoma kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Oman mwaka 1970, yaani katika uhai wa watu tunaoamkiana nao. Wengi wao walinyang'anywa majina yao waliyozaliwa nayo, wakapewa mengine ya kuitia. Kwa hao, kukosekana kwa jina kwenye kibao hakutokani na dalali mvivu. Kulikusudiwa. Tunapoonesha kazi bila mtu, tunaiendeleza kazi ile ya kufuta, hata kama hatukutaka. Familia nyingi, yangu ikiwemo, zina pande zote mbili za historia hii ndani ya nyumba moja, na ningependa tuweze kulisema hilo mbele ya watoto wetu, tukiwa tumesimama mbele ya mlango wa nakshi, badala ya kuwaambia tu kwamba mlango ni wa mninga au mfenesi.

Mchana tulikula mishkaki kando ya barabara, Bi Mkubwa akiilaumu kwa kukosa ukwaju, kisha tukashuka Manah. Pale lipo jumba jipya la makumbusho la Oman Across Ages, lililowekewa jiwe la msingi na Sultan Qaboos mwaka 2015 na kufunguliwa na Sultan Haitham mwezi Machi 2023. Paa zake zimekatwa kwa pembe kali zikiigiza milima ya Hajar iliyo nyuma yake, kazi ya kampuni ya wasanifu ya Cox Architecture kutoka Australia, na ni jengo la kujivunia. Vijana wa mkoa huu wa Dakhiliya sasa wana mahali pa fahari karibu na kwao, hawalazimiki kwenda Muscat kuijua nchi yao. Tuliingia, tukatembea hadi miguu ya Bi Mkubwa ikakataa. Nafasi ya mwandishi wa gazeti hainitoshi kuyaeleza yote ya mle ndani, na yanastahili makala yake.

Nilichotaka kukifikia ni Harat al-Bilad, mji mkongwe wa udongo wa Manah, wenye misikiti midogo ambayo mihrabu zake za jasi ni za zama zile zile za al-Humaimi, mwanzoni mwa karne ya 16. Katikati ya nakshi mafundi wale walipachika mabakuli ya Kichina, yaliyofika bandarini kwa majahazi na kupandishwa huku bara juu ya ngamia. Mwenzangu wa Mombasa kwa upande wa mama alisimama akashika mdomo. Alikuwa amekwisha kuyaona mabakuli kama yale, yamepachikwa katika kaburi la mnara la Mambrui, karibu na Malindi; na mimi nimeyaona makaburi ya Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, yakiwa na matundu mviringo pale mabakuli yalipong'olewa. Watu wa pande mbili za bahari walikuwa na jicho moja. Kilichokuwa cha mezani China kikawa cha kibla Manah na cha maziarani Pwani. Nani aliyefikiri hivyo mara ya kwanza? Hili halitajulikana kamwe, na sina ugomvi na lisilowezekana. Ugomvi wangu ni na lile linalowezekana likaachwa.

Maana linawezekana. Katika picha za zamani zilizotundikwa kule al-Aqr, za familia zilizopigwa studio Unguja, jina la mpiga picha lilikuwepo mara kadhaa kwa sababu moja tu: studio zilikuwa na desturi ya kupiga muhuri nyuma ya picha. Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, anakumbukwa leo na ulimwengu mzima wa wapenzi wa picha. Alipiga picha bora, hilo halina shaka. Lakini pia aliacha jina na kumbukumbu za kazi yake, na mwanawe akazitunza. Muhuri wa mpira wa bei ndogo umefanya kile ambacho makabati ya kioo ya bei kubwa hayakuweza.

Jambo hili lina upande wa pili, na Tanzania inaujua. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972 akiwa bado kijana wa miaka arobaini hivi, akiwa amechora kwa miaka michache tu pale Oysterbay. Jina lake likawa jina la mtindo mzima. Na sawa, alistahili. Ila waulize wanunuzi wa picha hizo kuhusu waliojifunza kwake moja kwa moja, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, uone ni wangapi watakaotikisa kichwa. Jina moja kubwa linaweza kuwameza wengine kama ukimya unavyowameza. Kwa hiyo sitafuti mashujaa wa kuwekwa juu. Natafuta orodha.

Nikiambiwa niseme kinachotakiwa kufanywa, nitasema hivi kwa walio Oman. Kila anayenunua kofia, mkufu au kasha la zamani amuulize muuzaji limetoka mji gani, nyumba ya nani, nani alilitengeneza, na jibu liandikwe siku hiyo hiyo na kubaki na kitu. Kama jina haliwezi kutajwa kwa sababu ya staha ya familia, litunzwe kwenye jalada hata kama halitatoka kwenye kibao. Wanaoandaa maonyesho wawaalike wazee kabla ya kufungua milango, si siku ya ufunguzi kuja kukalishwa mstari wa mbele na kupewa halwa. Wawape kofia mkononi, wawaulize, wawarekodi, kwa Kiarabu atakaye Kiarabu na kwa Kiswahili atakaye Kiswahili, kwa sababu wako akina mama hapa ambao ufundi wote wanaujua kwa Kiswahili tu. Chuo Kikuu cha Nizwa kina wanafunzi wenye simu na magari. Mwanafunzi mmoja na bibi mmoja, mchana mmoja, inatosha kuanzia. Na masonara waliopo leo sokoni Nizwa, wachache waliobaki wakifua kwa nyundo, waombwe waweke alama zao kwenye kila kipande, na wanunuzi tuwe tayari kulipa zaidi kwa ajili ya alama hiyo.

Na kwa Zanzibar nina ombi moja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati mafundi wakiwa kazini wakilikarabati. Magazeti yaliandika kwamba ni jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, na kwamba ukarabati uligharimiwa na Oman. Jumba lile litasimama tena, inshallah, na siku hiyo kutakuwa na pazia la kufunuliwa na kibao cha marumaru chini yake. Wakubwa wataandikwa, na waandikwe. Waashi, maseremala na wachongaji wa ukarabati huo ni watu wa leo, wanaolipwa, hivyo majina yao yapaswa kuwa yamo katika daftari fulani la malipo, na kuyatafuta sasa ni rahisi kuliko baadaye. Yatafutwe majina hayo, yanakiliwe kwenye marumaru, na orodha ianze na wafanyakazi wawili waliofariki siku ile chini ya kifusi.